Ukuta wa Rangi ya Simsim

Baba yangu, fundi wa Koboko,

Nakuandikia ukiwa umelala kaburini Abuku, kijijini kwetu Koboko, mwezi wa saba sasa, na jambo lenyewe ningeweza kukwambia kwa simu ya dakika mbili ulipokuwa hai. Ule ukuta wa Mama Candiru kule Pajulu, ule uliokutoa kwenye kazi, ulikuwa kosa langu. Mkono wako haukukosea. Na mimi nilijua, Baba. Nilijua ukiwa bado unapumua.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana nikianza na ukuta nitalia tu na barua haitaendelea.

Unakumbuka siku nilipoleta kompyuta nyumbani Arua? Nilikuonyesha ile programu ya kuchora nyumba, nyumba nzima imesimama kwenye kioo, unaizungusha, unaingia mlangoni, unatokea jikoni. Nikafungua lile duara la rangi, nikabonyeza, ukuta ukawa mwekundu. Nikabonyeza tena, ukawa kijani. Ukanyoosha kidole ukagusa kioo, halafu ukakigeuza kidole kuangalia kama kimechafuka. Tulicheka mpaka Mama akatoka nje kuuliza kuna nini. "Hii rangi haina harufu," ukasema. "Sasa mimi nitajua aje kama imekauka?" Tangu siku hiyo ukaniita injinia, ukawaambia watu wote wa mtaa, hata wale ambao hawakuuliza.

Wewe ulikuwa na njia yako. Hukuwahi kupaka nyumba kabla ya kupaka kipande cha ubao kwanza na kukiegemeza kwenye ukuta wenyewe siku nzima. Ubao huo uliuita shahidi. Unautazama asubuhi, mchana na jioni, ndipo unafungua ndoo. "Rangi iko na sura tatu kwa siku moja," ulikuwa ukisema. "Mutu akiona moja tu, ni kama ameoa mwanamke aliona kwa kivuli." Nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kuubeba huo ubao. Ukiniuliza, "Poni, iko namna gani?" nami nikijibu "nzuri," weee! Ulikasirika kweli. "Nzuri si rangi!" Basi nikajifunza kusema: kama ganda la muhogo, kama mchanga wa mtoni, kama simsim iliyokaangwa. Hayo macho ninayotafutia riziki ulinipa wewe.

Ndipo akaja Mama Candiru, yule mwalimu mstaafu. Wageni walikuwa wanakuja kumposa binti yake, akataka nyumba ipakwe rangi ya simsim iliyokaangwa, tena upesi. Nilimchorea nyumba yake, akaketi kando yangu mbele ya kioo, mimi nikisogeza alama kwenye duara la rangi, kidogo huku, kidogo kule, mpaka akanipiga begani. "Hapo hapo! Usiguse tena!" Kweli ilikuwa simsim, ile imetoka kwenye chungu sasa hivi. Nikanakili namba za rangi ile, nikazipeleka dukani ambako mashine inachanganya kwa namba, nikakuletea ndoo.

Ulifungua ndoo, ukachovya kijiti, ukakiinua juani. "Poni, hii si simsim. Hii iko majivu."

Ubao ulikuwa umeshaukata. "Nipe siku moja tu," ukasema. "Niweke shahidi."

Nami nikakujibu vipi? Ole wangu. Nilikwambia, "Baba, hayo mambo ni ya zamani. Kompyuta haikisii. Ikikauka itakaa sawa." Hukugomba. Laiti ungenigombeza! Uliuchukua ubao ukauweka chini ya ngazi, ukasema, "Haya, injinia," na safari hiyo hakukuwa na utani ndani yake. Ukapaka nyumba nzima kwa siku mbili.

Mama Candiru alipofika alisimama uani. Ukuta ulikuwa majivu matupu, baridi, nyumba ya harusi imegeuka nyumba ya matanga. Akakutazama wewe. "Mzee, kwa kompyuta ya mtoto wako niliona simsim. Kwa ukuta naona majivu. Kati yenu wawili, nani alishika brashi?"

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako. Ningesema tu, "Mama, baba alinikataza, mimi ndiye niliyeng'ang'ania." Nilitazama viatu vyangu. Nikakusikia ukisema, "Kosa iko kwa mukono yangu, Mama. Unisamehe." Ukakunja turubai lako polepole. Njiani kurudi Arua hukunigusia neno, ukaniuliza tu kama nimekula.

Maneno yakazunguka Pajulu kwamba mzee wa Koboko ameanza kuzeeka macho, anaongeza nyeupe na maji kwenye rangi za watu. Simu yako ikanyamaza. Mwisho ukasema unarudi Abuku kulima muhogo, kwamba ngazi zinakuchosha magoti. Nilikusindikiza hadi stendi. Ulikuwa umefunga brashi zako kwa gazeti, safi kabisa, utadhani utazitumia kesho yake.

Baada ya mwezi mmoja nikajua. Kioo changu nilikuwa nimekiwekea ule mwanga wa manjano wa kupumzisha macho, nikauzoea hata nikasahau kuwa upo. Kila rangi niliyoichagua niliiona imekaangwa. Siku nilipouzima, kwa sababu nyingine kabisa, nikafungua mchoro wa nyumba ya Mama Candiru, na ukuta ukageuka majivu mbele ya macho yangu. Majivu yale yale uliyoyaona wewe kwa kijiti tu.

Nilishika simu, nikaiweka. Nikajiambia, nitakwenda Krismasi nimwambie uso kwa uso, ndiyo heshima. Uongo, Baba. Nilikuwa naona haya. Na Krismasi hukuifikia. Homa ya siku nne tu, nami nikafika Koboko kushika udongo wa kaburi lako.

Juma lililopita nilikwenda Pajulu na kompyuta begani. Nilimweka Mama Candiru barazani kwake, nikawasha ule mwanga wa manjano, nikauzima, nikauwasha tena. Simsim. Majivu. Simsim. Nikamweleza habari ya ndoo, na shahidi uliyetaka kumweka, na maneno niliyokujibu. Aligeuka akautazama ukuta wake. Kisha akasema, "Kumbe nilimwonea mzee wa watu. Basi mwite arudi. Nitamwomba msamaha, na apake yeye mwenyewe."

Hakuwa na habari, Baba. Hakuna aliyemwambia.

Nilipomwambia, alijifunika uso kwa leso, tukalia wote wawili, yeye kwa lake na mimi kwa langu. Tulipotulia akaniuliza brashi zako ziko wapi. Nikamjibu ninazo, bado ziko kwenye gazeti lako. "Basi utapaka wewe," akasema.

Leo niko kwake tangu alfajiri. Nimechanganya kwa macho, kwa kijiti, juani. Ubao nimeuegemeza ukutani. Asubuhi ulikuwa simsim, mchana umebaki simsim. Mama Candiru amenipitia hapa na chai, akaniuliza nangoja nini tena, si rangi ndiyo hiyo hiyo. Nimemwambia baba yangu hakubali mpaka jioni.

Lala salama, Baba. Mimi niko hapa na shahidi wako.

Ni binti yako,
Poni, aliyenyamaza siku ile