Wageni wa Harusi, na Baba Aliyekataa Kutembezwa

Dada yangu wa pekee,

Salamu nyingi kutoka huku kwangu, kwenye meza hiihii ninayokatia vitambaa. Natumaini zinakukuta umelaza mguu juu ya mto kama daktari alivyoagiza, wala hujajitia kupika umesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Shemeji anakuangalia vizuri? Watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, na nikisema wazima safari hii nina maana yangu, utaiona mbele. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kila neno.

Harusi ya mdogo wetu wa kiume imepita salama. Picha umeziona, kwa hiyo sitakuchosha na habari za gauni. Nakueleza yale ambayo hayakupigwa picha.

Unajua nilivyobebeshwa mzigo wa kuwapokea watu wetu. Mama aliniambia kwamba kwa kuwa ndimi ninayeishi jiji hili, na nimewashonea mapazia nusu ya wenye hoteli, basi nijue pa kuwalaza. Kweli vyumba vya hapa navijua kwa madirisha yake. Hoteli kubwa ya katikati ya mji ina mapazia mazito kwa sababu inatazamana na disko, kwa hiyo niliipita mbali, Shangazi asingenisamehe. Nikachagua nyumba ya wageni ya karibu na mto, yenye upepo mzuri, ambayo mwenyewe ni mama mmoja mjane anayepiga pasi mashuka kwa mikono yake. Vijana niliwatupa kwenye bweni la chuo, maana wanafunzi wako likizo. Ukumbi uko mtaa wa pili, mtu anafika kwa miguu akiwa na viatu vya harusi na asijute.

Baba nilimwekea chumba cha juu chenye roshani, kinachotazama mto. Akakikataa. Akataka cha chini, tena kile kilichobanana na choo. Nilijizuia. Shangazi ndiye hakujizuia. Alisema kaka yake amezeeka vibaya.

Jioni ile wakwe walitualika kwenye mgahawa wa samaki. Dada, samaki wa pale wanaletwa wazima, wamekaangwa mpaka mapezi yanavunjika kama biskuti. Mjomba alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Baba akasukuma sahani, akatangaza kwamba yeye hali samaki. Baba huyuhuyu aliyekuwa akitugombeza tukiacha nyama kichwani mwa samaki! Mama alimgeukia kama anayemtazama mpangaji mpya. Baba wa bibi harusi, fundi saa mpole sana, akabaki ameshika kijiko hewani. Baba akala wali mtupu.

Siku iliyofuata niliwatembeza. Tulipita soko la vitabu vya mitumba, Shangazi akanunua kitabu cha mapishi kwa lugha asiyoijua, eti picha zinatosha. Tukaenda bustani ya miti, kisha kilima cha ngazi za mawe, ambako ukifika juu unauona mji wote umetandazwa. Watu walifurahi mno. Baba alibaki chini kwenye benchi. Fundi saa alimwomba wapande pamoja, taratibu tu, akajibiwa, "Mji nimeshauona tulipokuwa tunaingia."

Basi maneno yakaanza. Upande wa wakwe wakanong'ona kwamba mzee hautaki huu uhusiano. Mdogo wetu akavimba, akasema kama Baba hataki aseme. Bibi harusi akanivuta pembeni akaniuliza kama kuna mahali amemkosea. Nikamwambia hapana, lakini moyoni sikuwa na uhakika wa lolote. Niliona harusi inatuponyoka mikononi huku vyumba vimejaa na chakula kimeagizwa.

Kesho yake asubuhi nilikuwa sebuleni pale nyumba ya wageni, narekebisha pindo la suruali ya Mjomba. Baba amekaa mezani peke yake. Bibi harusi akaingia amejifunga kitambaa kichwani, amebeba mashati aliyowapigia pasi vijana. Akamwamkia. Baba akamwitikia, "Marahaba, binti. Hebu niletee chai, sukari kidogo. Na mwambie bosi wako taa ya hapa sebuleni haiwaki."

Taa ilikuwa inawaka, Dada.

Nilitamani ardhi inimeze. Mkwe wake wa kesho, anamtuma kama mhudumu! Yeye aliweka mashati kitini, akaingia jikoni, akarudi na chai. Baba akanyoosha mkono, ukatua pembeni ya kikombe, ukaanza kupapasa kitambaa cha meza. Hapo yule binti akachuchumaa, akaushika mkono wake, akauweka kwenye kikombe. Akasema polepole, "Baba, ni mimi. Mkweo."

Baba akasema tumfungie mlango.

Sasa kaa vizuri, Dada, maana jambo hili linakuhusu wewe kuliko wote. Baba ana miaka haoni vizuri. Alisema ni kama kutazama dunia kutoka nyuma ya pazia la neti, na kila mwaka mtu anaongeza neti nyingine. Samaki aliogopa miiba; hakutaka kukabwa mbele ya wakwe. Kilima aliogopa ngazi. Chumba kile cha chini alikitaka ili afike chooni bila kuuliza. Nyumbani alishakariri kila kitu, ndiyo maana humgombeza Mama akihamisha kiti. Na kwako hakanyagi tangu mhamie ghorofani kwa sababu hiyohiyo. Hana kinyongo na Shemeji, hajawahi kuwa nacho. Wewe ulilia bure, na sisi tuliokufariji tulikufariji kwa uongo tusioujua.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanikumbusha Babu, alivyomaliza uzee wake akiongozwa kwa fimbo, na kwamba aliyeishika ncha ya pili ya fimbo hiyo utotoni alikuwa yeye. Alidhani zamu yake imefika. Hakutaka kuja harusini na msiba.

Bibi harusi akamwambia mama yake mzazi alikuwa hivyohivyo, na leo anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Tukawaambia wageni tunaenda kununua tai, tukamkokota Baba mpaka kliniki ya macho. Daktari alimmulika, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na anatolewa. Baba akamwomba arudie. Akarudia. Baba akacheka mpaka akajifuta machozi: "Nimekuja kumwoza mtoto mmoja, kumbe nina wengine wawili machoni!"

Siku ya harusi aliwaeleza wakwe mwenyewe, ameshika mkono wa bibi harusi. Fundi saa alimkumbatia hadi koti likapanda mabegani. Mdogo wetu alilia, akasingizia kitunguu, na hapakuwa na kitunguu.

Wageni wameondoka, Baba na Mama wamebaki kwangu. Juzi jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji. Jana bandeji ilipofunguliwa, Mama alikuwa amesimama mbele yake. Baba alimtazama, akamtazama tena, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mvi zote hizi umezipata lini?"

Mama akamjibu, "Wakati wewe ukijifanya unaona." Halafu akainama ili azione vizuri.

Msalimie Shemeji, mwambie hana mashtaka. Wabusu watoto kwa niaba yetu sote, na mguu uutunze.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mshona mapazia