Majina Matatu ya Kisiwani

Jumatatu, 1 Septemba 1958
Kengele, sala, uji, kengele. Kurasa kumi na moja leo. Mchwa wamekula kingo za kitabu cha historia ya monasteri, na Mama Mkuu anataka nakala mpya, neno kwa neno. Alinichagua kwa sababu ya Kifaransa changu. Nimefika pale walipojenga kanisa. Mkono unauma.
Sijasema na mtu tangu jana. Kisiwa chetu unakizunguka kabla rozari moja haijaisha. Bukavu iko pale ng'ambo, naona mabati yake yaking'aa. Mwezi ujao nitavikwa shela ya utawa. Ndicho nilichotaka tangu nikiwa na miaka kumi na mbili. Bado nakitaka.

Jumatano, 3 Septemba
Leo nimekuta hivi kitabuni, nikaweka kalamu chini: "19 Septemba. Upepo umezamisha mtumbwi uliobeba mawe ya kanisa. Tumepoteza mawe yote na kengele ndogo. Mungu asifiwe, hakuna kati yetu aliyekufa."
Nimeisoma mara nne. Babu yangu, baba wa mama yangu, maman, alikufa ziwani akibeba mawe ya kanisa hili.

Jumapili, 7 Septemba
Maman amekuja kutoka Kadutu, kule Bukavu, na ndizi na chupi mpya. Tulikaa chumba cha wageni, Sista mmoja akishona pembeni. Nilimuuliza kuhusu babu. Waliozama walikuwa watatu, akasema. Cirhuza, baba yake. Bahasha. Nyamulinda, aliyekuwa ameoa juzi tu. Halafu: "Wewe unakaa kwa ile nyumba, na haukujua?"
Sikujua kwamba yeye hajui kilichoandikwa. Anaamini babu yumo kitabuni, na kwamba masista wanamwombea kila mwaka. Ndiyo maana aliniruhusu kuja huku.
Sikumwambia. Mwoga mimi.

Jumanne, 9 Septemba
Nilimwomba Mama Mkuu ruhusa ya kuongeza majina matatu. Alinisikiliza vizuri, mikono ndani ya mikono ya kanzu. "Mutoto, hii kitabu iko ya nyumba. Haiko ya familia yako."
Nilipiga magoti kutii, kisha nikarudi kumaliza ukurasa. Hakuna aliyekufa. Nimeiandika kwa mwandiko wangu mzuri.

Jumapili, 14 Septemba
Zamu yangu ya kusoma mezani, juma zima. Mezani hatusemi. Anayesoma husimama, na mwisho wa chakula hutaja marehemu wa nyumba waliokufa tarehe hiyo. Wote hujibu Amina, kisha tunaondoa sahani.
Nimetazama orodha. Tarehe 19 ina mtu mmoja tu, Sista aliyekufa kwa homa.

Alhamisi, 18 Septemba
Silali vizuri. Nikisema, shela naikosa. Nikinyamaza, nitavikwa shela mbele ya maman, naye atafurahi.
Namchukia kila mtu hapa, na sitaki kuondoka.

Ijumaa, 19 Septemba
Nimesoma jina la Sista. Amina. Karatasi ilikuwa imeisha. Nikaendelea, sauti ileile: Cirhuza. Bahasha. Nyamulinda.
Wakajibu Amina. Wote, hata Mama Mkuu. Vinywa vyao vimezoea. Kijiko chake kilisimama baadaye.

Jumamosi, 20 Septemba
Mama Mkuu alikuwa mpole. Hilo ndilo liliniuma. Akasema nirudi nyumbani, pengine baada ya mwaka mmoja tutazungumza. Kitabu atakimaliza mwingine. Nimerudisha kalamu na vitabu vya sala. Sanduku langu jepesi kuliko nilivyokuja nalo.

Jumatano, 24 Septemba
Kadutu. Kelele mno, nimesahau namna ya kujibu watu. Nimemwambia maman yote, hata kuhusu kitabu. Alikuwa akichambua maharagwe. Hakulia. Aliendelea kutoa vijiwe, akivitupa uani.
"Na walijibu?"
"Walijibu."
"Bote? Na ule mukubwa wao?"
"Na yeye."
Akaniambia nitaje vile nilivyotaja kule. Nikasimama karibu na mlango, nikataja.
Maman akaweka ungo chini, akasema Amina. Kisha akaniita nimsaidie, maharagwe yalikuwa mengi.