Sura ya Saba Niliyomuuzia Mkwe Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usikawie, maana daktari wangu siku hizi akimaliza kunipima haniambii tena nirudi lini, ananiambia tu nipumzike. Jambo nililolificha nyumbani kwangu tangu nikiwa bado na nywele ni hili: riwaya yangu, ambayo familia nzima inaamini imelala sandukuni haijaguswa na mtu, niliiuza zamani, rejareja, kipande hiki kwa huyu na kipande kile kwa yule, na kipande kizuri kuliko vyote nilimuuzia mkwe wangu.

Naomba nieleze kwa kituo usije ukaniona tapeli. Nilikuwa mwalimu wa sekondari, nina watoto wanne, mke wangu alikuwa muuguzi wa zamu, yeye akitoka mimi naingia, na kati ya insha za kusahihisha, mtoto wa kukogeshwa na bomba la jikoni lililokuwa linavuja tangu tuhamie, nilikuwa naandika riwaya katika stoo yetu ndogo, juu ya meza ya cherehani ya mke wangu. Mguu wangu ulizoea kukanyaga pedali kila nilipopata wazo, kiasi kwamba watoto wakisikia cherehani inakwenda bila kitambaa walijua baba anaandika, na ikinyamaza walijua baba amekwama, asisogelewe. Yeyote aliyekuja mlangoni nilimwambia "ngoja kidogo" bila kugeuza shingo. Wakaniita Mzee Ngoja, na leo wajukuu wananiita Babu Ngoja wakidhani ndilo jina nililopewa na wazazi wangu.

Pamoja na hayo yote nilikuwa na vibarua vya kuandika. Kulikuwa na mama mmoja mpiga chapa, ana kibanda kando ya posta, watu wakimpelekea shida zao za maneno, hotuba, barua za maombi, barua za kuomba radhi, naye ananiletea mimi, mimi naandika, yeye anapiga chapa, na mteja hajui aliyeandika ni nani wala mimi simjui mteja. Utaratibu mzuri sana. Tatizo ni kwamba vibarua vyote vilitakiwa leo, na riwaya ndiyo pekee ambayo haikuwahi kugonga mlango kuniuliza imefikia wapi. Siku moja ikaja kazi ya hotuba ya maziko ya mwalimu mkuu mstaafu, maziko yenyewe mchana uleule, na mimi nina madaftari ya darasa zima mezani na mtoto ana surua, nikachomoa ukurasa ambamo bibi kizee wa riwaya yangu anafariki, nikafuta nywele ndefu nikaweka tai, nikaituma. Mshauri, watu walilia! Marehemu hakuwa akipendwa na mtu, lakini walilia, mpaka mjane akainuka akachungulia jeneza kuhakikisha aliyemo ni mumewe.

Baada ya hapo sikujizuia tena. Tufani ya sura ya tatu nilimpa muuza mabati, akaichora kama tangazo ukutani penye njia panda, na bado ipo. Ugomvi wa sura ya tano ulikwenda kwa mpangaji aliyetaka kumwomba radhi mwenye nyumba, naye akasamehewa. Nilijiambia nitaandika vingine badala yake, lakini nakala zangu nilikuwa nazo, na vingine havikuja.

Sasa nifike kwenye kiini cha tatizo. Nina binti, mtoto wangu wa pili, mrefu kama mama yake, alikuwa anafanya kazi duka la dawa, na ana tabia ya kucheka utani wake mwenyewe kabla haujafika mwisho, hivyo nusu ya utani wake hatujawahi kuusikia. Mwaka alipokuwa tayari kuolewa, mpiga chapa aliniletea kazi ya barua ya kuomba uchumba. Mteja, alisema, ni fundi wa majokofu, hodari wa kazi lakini ulimi mzito, amempenda binti mmoja mrefu wa duka la dawa, mcheshi, anacheka kabla hajamaliza kusema, na baba yake ni mtu wa shughuli nyingi, hasemezeki. Sikuuliza jina. Mabinti warefu wa maduka ya dawa ni wengi. Nikampa sura ya saba, ile ambamo bwana anamwambia mchumba wake: "Dhahabu sina ya kukuahidi. Ninachokuahidi ni kwamba kila utakapoingia mlangoni, nitaweka chini ninachokifanya."

Siku chache baadaye nimekaa jikoni nakunywa chai, binti yangu anaingia na karatasi, macho yamemjaa machozi, anamsomea mama yake. Alipofika kwenye "nitaweka chini", chai ilinipalia, mke wangu akanipiga mgongoni, na huku ananipiga akaniambia, "Umesikia wanaume wenzako wanavyoandika? Wewe unakaa na cherehani yangu humo ndani miaka na miaka, umewahi kuniandikia hata mstari mmoja?"

Nikafuta chai iliyomwagika mezani. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Wakaoana. Na mkwe wangu, mshauri, alichukulia maneno yale kama sheria. Mke wake akiingia anaweka chini bisibisi, anaweka chini simu, "mke wangu kaingia, nitakupigia," na kuna siku walikuwa wawili wamebeba jokofu, akaweka chini upande wake bila kumwambia mwenzake, mwenzake akatembelea magongo. Pale kazini kwake wanamwita Weka Chini. Binti yangu akiulizwa kwa nini ndoa yake haijawahi kuyumba anaitaja barua ile, anaijua kwa moyo.

Sasa mikono yangu inatetemeka, na binti yangu amejitolea kunichapia riwaya kwenye kompyuta yake, anakuja kila wiki, anakaa kando ya kitanda changu, anasema, "Baba, safari hii hungoji mtu, tunamaliza kitabu." Kwenye sura ya kwanza alisimama akauliza, "Haya maneno si yalisomwa kwenye maziko ya yule mwalimu mkuu?" Nikasema labda familia yake ilinisikia nikiyasema. Kwenye tufani akasema, "Baba! Umeiba tangazo la mabati!" Akanicheka mpaka akashindwa kuendelea. Sasa yuko sura ya sita. Nimejaribu kila mbinu. Nilisingizia kifua kinabana, akaita gari la wagonjwa, nikalazwa bure. Niliificha sura ya saba chini ya godoro, mke wangu akageuza godoro, akaniambia, "Haya, shika, ulikuwa unailalia." Nikamwomba binti aruke, aende moja kwa moja sura ya nane, akasema, "Baba, sura ya sita hawajapeana hata mkono, sura ya nane wana mtoto anaota meno. Wasomaji watasemaje?"

Nifanye nini, mshauri? Nikiichana sura ya saba, riwaya haina maana, na ndicho kitu pekee nitakachoacha. Nikiiacha, binti yangu atasoma maneno yaliyomjengea nyumba yake kwa mwandiko wa baba yake. Anakuja tena Jumatano.

Ni mimi,
Mzee Ngoja

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, pole kwa maradhi. Barua yako nimeisoma kwa pumzi moja, maana nukta umezibania, mwalimu mzima.

Kwanza, acha mara moja kusingizia kifua. Siku kitakapobana kweli, mtu atakuletea maji ya kunywa na kukwambia uache michezo.

Pili, usichane chochote. Ungekuwa umeandika kibaya ningekwambia uchome, lakini maneno yaliyomliza mjane ambaye hakuwa na mpango wa kulia hayachomwi. Wala usijisumbue na muuza mabati na yule mpangaji. Walinunua, wakatumia, yakawafaa. Mwenye nyumba alisamehe, yameisha hayo.

Shida yako ni moja, nayo ina mikono yenye grisi. Unaniuliza umwambie vipi binti yako, na umesahau kwamba siri hiyo si yako peke yako. Kuna mwanamume huko ambaye tangu aoe anaishi na hofu kwamba ipo siku mkewe atamwomba aandike barua ya pili. Mwite huyo kwanza. Mwambie wewe ndiye uliyekuwa nyuma ya kile kibanda. Kisha yeye ndiye amweleze mkewe, kwa mdomo wake mzito huohuo, na wewe uwe umekaa hapo, usimsahihishe sentensi.

Na usiogope kwamba umemharibia ndoa. Wewe uliandika kuweka chini, mzee wangu, lakini hukuweka. Yeye hakuandika, akaweka. Hata akiangusha majokofu, mwenye maneno hayo ni yeye.

Niseme pia na ninyi wengine mnaoniandikia kila wiki kuniuliza mtaandikaje riwaya huku mna ajira, vibarua, watoto na bomba linalovuja. Mnataka niwape ratiba. Ratiba mnayo, hamuipendi tu. Mzee huyu aliandika katikati ya surua na insha, na kitabu kikaisha, kwa hiyo muda hupatikana. Waambieni watu wa nyumbani mnaandika nini, wasomeeni ukurasa mmoja mmoja hata kama watasinzia, na mtu akisimama mlangoni, geuzeni shingo. Wazo likipotea kwa sababu mlimsikiliza mtoto, halikuwa na uzito huo.

Narudi kwako, mzee wangu, maana kuna jambo limenikaa kooni. Mpiga chapa alikwambia binti ni mrefu, anauza dawa, anacheka kabla hajamaliza kusema, na baba yake hasemezeki. Mimi sijawahi kufika kwako, sijui hata nyumba yenu ina madirisha mangapi, na nilipofika hapo nilipiga kelele ofisini, "Ni mwanawe huyo!" Wewe, mwandishi, mtu wa kuchagua neno, hukuuliza jina? Sitaki jibu mimi. Lakini binti yako ana akili, na atakuuliza. Jumatano usiwe na kalamu mkononi, wala dawa, wala rimoti, wala kikombe. Atakapouliza, usimwambie angoje.

BARUA YA PILI YA MZEE, ILIYOTUFIKIA WIKI ILIYOFUATA

Mpendwa mshauri, nukta nimeziongeza. Hazinisaidii kupumua, lakini umeniaibisha.

Nilimwita mkwe wangu Jumanne. Nilipomwambia, alikaa sakafuni kando ya kitanda changu, akasema, "Baba, nilijua nimenunua. Sikujua duka ni lako." Kisha akauliza kama sura ya saba ilikuwa na sehemu nyingine ambazo hakupewa, kwa sababu kama zipo ahadi zaidi ni bora azijue mapema.

Jumatano alimweleza mkewe. Ilimchukua muda mrefu, na sikumsahihisha. Binti yangu alisikiliza, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye. Akasema, "Kwa hiyo mimi nimeolewa na..." akaanza kucheka, na mwisho wa utani ule hatuujui. Mke wangu alikuwa mlangoni na sinia la dawa, hakucheka. Alisema, "Cherehani yangu," basi, akarudi jikoni. Huyo nina kazi naye bado.

Binti yangu alipofuta macho akamwuliza mumewe, "Na lile jokofu, ulilitupa kwa sababu ya barua?" Fundi akafikiri, akajibu, "Mwanzoni. Baadaye ni kwa sababu umeingia."

Halafu binti yangu akaenda mlangoni, akanigeukia. Alisimama pale mlangoni kama alivyokuwa akisimama akiwa mdogo, bega moja kwenye fremu. "Baba, ulijua ni mimi?"

Mdomo wangu ulikwishaanza "ngo". Nikalimeza. Mikono yangu ilikuwa mitupu, kama ulivyoniagiza, na sikuwa na pa kuiweka.

Nikamwambia nilijua. Nilijua, mshauri. Mpiga chapa alipotaja kicheko nilijua. Sura ya saba haikuwa na sentensi ile hata kidogo. Kwenye riwaya yule bwana aliahidi nyumba na mashamba kama wote. Ya kuweka chini niliiandika asubuhi ile kwa ajili ya barua, na baadaye ndipo nikaihamishia kitabuni. Niliiandika kwa haraka, nikikanyaga pedali, huku binti yangu amesimama mlangoni ana jambo la kuniambia, na mimi nimempa mgongo, namwambia angoje kidogo.