Fidla Juu ya Kabati

Guangzhou, 15 Septemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Hali yako vipi, na presha je? Dawa unakunywa, au unamdanganya jirani yako Bi Kuluthumu kwamba umekunywa? Mimi mzima, masomo yanakwenda. Naandika kwa sababu kwenye simu husemi kitu: "Salama, alhamdulillahi, haya kwaheri," ushakata. Barua anakuletea Khatib wa Darajani, amemaliza kununua bidhaa zake kwenye masoko ya Sanyuanli hapa mjini.

Upweke wa huku sijawahi kukwambia. Siku nyingine jua linazama sijatamka neno la Kiswahili hata moja. Jana Njoki, yule mfanyabiashara wa Nairobi, aliniomba nikamtafsirie Kichina bandarini Nansha. Tukakuta ofisi imefungwa kwa chakula. "Huyu laoban atatuweka hapa mpaka jioni. Wacha nilale kwa gari," akasema (laoban ndiye bosi kwa Kichina), huku akivua viatu. Nikaingia peke yangu kwenye kimji cha jirani. Wazee wanacheza karata, nguo zimeanikwa madirishani. Mara nikasikia fidla.

Fidla, baba! Nilidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Nikaifuata sauti mpaka kwenye duka la chai. Watu wachache wameizunguka meza moja: mzee wa Ayalandi, kile kisiwa jirani na Uingereza, aliyefanya kazi bandarini akaoa huku huku, na Wachina aliowafundisha muziki wa kwao. Wana fidla, filimbi za bati, kodiani, na tari kubwa lisilo na njuga. Hakuna jukwaa wala mwimbaji, na wateja wamepewa mgongo. Mmoja anaanza wimbo, wenzake wanadakia, wanaurudia mara kadhaa, kisha wanahamia mwingine.

Mzee akaanza wimbo mmoja wa taratibu, anaukokota upinde kama unavyoukokota wewe. Machozi yakanitoka. Nikafanya tunalofanya kwetu kwenye taarab wimbo ukimgusa mtu: nikainuka, nikanesa mpaka kwake, nikamtunza. Nilikuwa na noti ya yuan ishirini niliyobaki nayo tangu nilipotua uwanja wa ndege wa Baiyun, maana huku kila kitu hulipwa kwa simu. Nikamwekea begani.

Muziki ukakatika. Wote wakanitazama. Kumbe wale hawatunzwi, hata makofi hawapigiwi, wanapigiana muziki wenyewe kwa wenyewe. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee akaniuliza kwa Kichina kwetu tunapiga nini, nikamwambia baba yangu ni mpiga fidla. Akanirudishia noti, akanivutia kiti.

Baba, tangu mama afariki fidla yako iko juu ya kabati. Nakuomba kitu kimoja tu: iteremshe, urudi klabu ya taarab ukakae na wenzako. Nikikuwaza kimya ndani ya nyumba ile, silali.

Mwanao,
Maulida

Miembeni, Zanzibar, 7 Oktoba 2024

Mwanangu Maulida,

Marahaba. Barua nimeipata, na Khatib kaileta mwenyewe, chai akanywa. Dawa nakunywa. Kuluthumu ananisimamia utadhani polisi.

Umenichekesha, mtoto we! Kumtunza mtu wa watu aliyejikalia na chai yake! Nilicheka mpaka nikageuka nimsimulie mama yako.

Sasa sikiliza. Fidla nimeiteremsha kama ulivyotaka, lakini klabu siendi. Watu wanadhani ni huzuni, nami nimewaacha wadhani hivyo. Si huzuni peke yake, ni vidole. Mwaka jana nilikwambia niliteleza chooni. Kilikuwa kiharusi kidogo, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vimelala mpaka leo. Uzi haubonyezeki. Kwenda kukaa klabu mikono mitupu siwezi, mwanangu. Naona haya.

Kwa hiyo Khatib akirudi huko anakuja na fidla hiyo. Nilikufundisha ungali mdogo, mikono itakumbuka. Kakae na watu wako.

Baba yako,
Msabaha

Guangzhou, 24 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Mkono unaendeleaje? Barua yako niliikasirikia, kisha nikaililia. Ungeniambia, baba. Fidla imefika salama. Khatib alikataa kuiweka na mizigo, akaipakata njia nzima.

Kila Jumamosi napanda metro kwenda Nansha, ambako hupiga tangu mchana mpaka jioni. Nyimbo zao sizijui, na asiyejua hukaa kimya, basi nakaa na fidla mapajani. Huo nao ni upweke wake. Jana mzee akaniambia, "Anza wewe." Nikaanza wimbo ule uliomtungia mama. Filimbi ikanidakia, kodiani ikaja. Nikafika pale unapopanda kabla ya kurudi mwanzo, nikasahau. Meza nzima inaningoja, na nchi nzima hii hakuna mtu wa kumuuliza.

"Nani anaujua?" mzee akauliza. Nikamwambia ni mtu mmoja tu. "Basi tutamngoja," akasema.

Kipande hicho nakitaka, baba. Sijui utanipaje.

Mwanao,
Maulida

Miembeni, Zanzibar, 12 Desemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mkono ni ule ule. Barua hii Kuluthumu ataipiga picha akutumie kwa simu yake, maana Khatib hasafiri mpaka mwezi ujao na mimi siwezi kungoja.

Kipande kile na mimi nilikuwa nimekipoteza. Nimekitafuta kwa mdomo hapa barazani, sauti imeshika kutu, hakiji. Kuluthumu kachungulia: "Mzee Msabaha, leo kuna nini?" Hajanisikia nikiimba tangu tulipomzika mama yako. Jana alasiri kikaja chote. Vidole vimelala, koo halijalala.

Saa kumi yenu ya jioni kwetu ni saa tano asubuhi. Jumamosi hii nitakaa nimevaa kanzu yangu ya shughuli. Simu unajua siipendi, lakini nipigie. Usiishike sikioni. Ilaze katikati ya meza, uanze wewe, na ukifika pale unaposahau, simama. Mimi nitaingia.

Na ile noti waliyokurudishia, kama bado unayo, njoo nayo. Nikimaliza, iweke juu ya simu. Hao hawatunzwi, mimi hutunzwa.

Baba yako,
Msabaha