Ordinateri Inasema Ipo, Zubeda Ameondoka

Mama Dorothée mpendwa, mi nasoma majibu yako kwenye gazeti, naomba unisaidie na mimi, na ukitaka kucheka ucheke kwanza umalize, maana mimi mwenyewe nikijiangalia kwenye kioo nashindwa kujizuia.

Mi niko mufanyabiashara wa piesi za magari hapa Bujumbura, duka aliniachia muzee wangu, Allah amurehemu, na mwaka jana nilienda Dubai kununua mali nikakuta huko mafunzo ya siku tisa juu ya logisiyeli moja, programu ya kompyuta inayofunga biashara yote pamoja, duka, depo, komande za wateja, wafanyakazi, kila mutu anaona kitu kimoja kwa wakati mumoja, basi nikarudi na ordinateri tatu za kuiendeshea na diploma, ile diploma nikaitundika juu ya picha ya muzee, nikaanza kuita wafanyakazi kwenye reunion kila asubuhi, mi nisiyejua tofauti ya bulo ya tairi la Corolla na ya Hilux.

Sasa ile logisiyeli inataka kila kitu kiwe na jina moja na mahali pamoja, na kwetu mahali ndiyo shida. Tangu siku za ville morte, mji ulipofungwa kwa nguvu, mwaka wa tisini na tano, vijana wa fujo walipovunja duka la jirani, muzee alitawanya mali kwenye nyumba za ndugu, kidogo kidogo, na aliyejua nini iko wapi ni mutu mumoja tu, mwanamuke anayetunza depo, tumuite Zubeda, miaka ishirini na mbili kazini, yote kichwani. Muteja akitaka altaneta, Zubeda anatuma mutu, saa moja haijaisha altaneta imefika. Nikamuomba aniambie niandike. Akasema, "Mwanangu, muzee alisema hii isiandikwe, na vita haijaisha." Nikamujibu kwamba vita ni ya watu wasio na mpangilio. Ndiyo, nilisema hivyo, mbele ya watu.

Basi nikachukua simu, nikauliza ndugu wenyewe, nikaingiza yote: betri, kwa binamu (jina na mtaa nimefuta. Mama Dorothée), nyuma ya jiko, filta, kwa shangazi (na hili nimefuta, pamoja na namba ya nyumba), chini ya kitanda. Halafu nikachapisha kurasa kumi na nne nikazibandika ukutani dukani, maana mwalimu wa Dubai alisema kila mutu aone.

Siku ya nne tangu nizibandike, muteja nisiyemujua akasimama anasoma na kidole, pole pole, akaniuliza kwa adabu yule shangazi anakaa avenue ya ngapi. Na mi, Mama Dorothée, nilishafungua mudomo nimujibu. Zubeda ndiye aliyezibandua zile karatasi, akaweka funguo za depo mbele yangu, akaenda zake. Kesho yake shangazi akarudisha filta zote kwa mukokoteni, muchana kweupe, na ujumbe kwamba ana wajukuu watano ndani ya ile nyumba.

Sasa ndugu wengine wamehamisha mali na hawaniambii wameipeleka wapi. Fundi akija kuuliza kitu, naangalia ordinateri, inasema ipo, na mi nasema ipo, na haipatikani. Mafundi wote wananiita Bwana Ipo. Niuze hizi ordinateri, ao niajiri mutu mwingine mahali pa Zubeda? Duka la muzee linanifia mikononi.

Bwana Ipo, Bujumbura

*

Bwana Ipo,

Pole. Nilicheka kama ulivyoniruhusu, nikafika kwa wale wajukuu watano nikaacha. Mtu aliyeponzwa na kuandika majina ya watu anaomba ushauri kwenye gazeti, na anayaandika tena! Barua yenyewe nimeichoma. Shika adabu, we.

Ordinateri usiuze, haina kosa. Ilikuuliza swali zuri: mali yako iko wapi, na nani anajua? Jibu la kweli lilikuwa Zubeda anajua, na wewe hukupenda kuliandika. Tangu baba yako afe, watu wanaingia dukani wanakupita, wanaenda kumuuliza yeye. Hukununua ile kitu ili altaneta zipatikane. Ulinunua ili wakuulize wewe. Kutaka hivyo si dhambi, bwana, lakini umelipia kwa usalama wa watu wengine vitandani mwao.

Sasa sikiliza. Leo hii waeleze ndugu wote sura ya yule mteja mwenye kidole. Futa mahali pote kwenye mashine, choma kila karatasi. Halafu uende kwa shangazi kwa miguu, umuombe radhi wajukuu wakisikia. Logisiyeli ianze upya na kilicho dukani tu, rafu ambazo kila mpita njia anaziona, mwezi mzima, mpaka wafanyakazi wenyewe waanze kukukosoa. Vilivyo kwa ndugu andika idadi na neno "nje", basi. Nje ni wapi, hiyo ni kazi ya yule aliyekabidhiwa na baba yako.

Kuajiri mwingine, toa hiyo akili kabisa. Uende kwa Zubeda, na usitangulize mshahara mpya, atadhani unanunua kichwa chake. Mwambie maneno haya, yote, hata ulimi ukikataa: "Mama Zubeda, nilikuwa naona haya kukuuliza, kwa sababu mi sijui kitu." Akikuambia ingia, ingia, kaa chini, uanze kuuliza.