Barua Tatu kwa Mdogo Wangu

Jumatatu, 5 Machi 2001

Mume wangu anaweka Linux, mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta yetu. Siku ya tatu leo yuko chini ya meza, makalio nje, anaongea na nyaya. Fundi wa kompyuta wa hapo kona alijitolea kuja kusaidia. Akakataliwa! Mwalimu wa jiografia hafundishwi. Ati Linux haiugui virusi. Sawa. Mpaka sasa haijafanya kazi yoyote ya kuiletea ugonjwa.

Mimi nataka kitu kimoja tu: kumwandikia mdogo wangu. Miaka miwili hatusemezani — tangu mazishi ya baba. Hakuja, nami nikamwambia kwenye simu asirudi tena kwetu. Binamu kanipa anwani yake ya barua pepe. Kumpigia siwezi. Kwa mdomo nitaharibu, najijua. Kwenye maandishi kuna kufuta.

Jumatano, 7 Machi

Modemu, kile kidude cha kupitisha barua kwenye laini ya simu, imeita! Sauti ya chura aliyekanyagwa. Mume wangu kaja mpaka jikoni kunipa mkono, utadhani waziri kafungua daraja. Mama mkwe kauliza kama hizo kelele nazo zinalipiwa.

Utaratibu, kwa mujibu wa mheshimiwa: simu ni ghali, kwa hiyo barua inaandikwa laini ikiwa imekatwa. Kisha saa kumi na mbili jioni yeye mwenyewe anaunganisha, dakika tano, basi. Mwingine asiguse.

Nimeandika. Ndefu — kurasa tatu. Nimemwomba radhi. Nimemwambia nisilowahi kumwambia mtu: kwamba siku ile nilikuwa na uchungu wa baba, na yeye ndiye niliyemwona wa kumtupia. Nimelia kidogo, nikafuta mengi, nikabonyeza. Mashine ikasema imetumwa.

Ijumaa, 9 Machi

Hakuna jibu. Mume wangu anaunganisha, anakunja uso, anatangaza: hakuna mpya. Kwa sauti ya daktari. Debe tupu!

Nimeandika ya pili, nusu ukurasa. Je, ya kwanza umeipata?

Jumapili, 11 Machi

Hakuna.

Huyu ndivyo alivyo tangu utotoni. Unamwomba kitu, anakutazama tu, mpaka ujione mjinga. Kazini kwake ana kompyuta mezani kutwa nzima, binamu kaniambia. Kusoma anasoma. Anataka nitambae.

Jumatatu, 12 Machi

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wamesema wahenga. Basi mshindo nautoa mimi. Nimeandika ya tatu, mistari miwili: "Nimejishusha mara mbili, umenikalia kimya. Nililokwambia wakati wa mazishi nalirudia: huna kwenu."

Sikufuta hata neno. Nimekula vizuri leo.

Jumatano, 14 Machi, jioni



Mume wangu kaja na kitabu chake kinene cha Linux, kidole katikati ya kurasa, uso umemshuka. Kumbe aliiagiza mashine ilete barua. Kupeleka hakuiagiza! Kila jioni ilikuwa inakwenda kuchungulia sanduku na kurudi mikono mitupu, na barua zangu zote tatu zimo humu humu, mezani petu, kwenye foleni. Wiki nzima. "Imetumwa" maana yake imewekwa foleni, ati ndivyo kompyuta zinavyosema. Shahada mbili mtu huyu!

Mdogo wangu hajapata hata herufi moja. Hajanikalia kimya. Hakujua kama nimemwita.

Nilitaka kumcheka mwalimu, kicheko kikakataa kutoka. Nikamwambia angoje, kuna moja nataka kuifuta kwanza.

"Usiwe na wasiwasi," kasema, "nimesharekebisha. Zinaondoka sasa hivi."

Na kweli, chura alikuwa keshalia. Nikamuuliza ipi inatangulia. Akanieleza bila haraka, utadhani yuko darasani: fupi hutangulia, ndefu hufuata, ndivyo mashine inavyojipangia. Nikanyoosha mkono nichomoe waya — kisha kelele ya ajabu, na laini ikakatika yenyewe. Mama mkwe kanyanyua simu sebuleni. Hakuna aliyemwambia laini inatumika, mwanawe kasahau.

Kwenye foleni zimebaki mbili, ya kurasa tatu na ya nusu ukurasa.

Nimekaa kwenye kiti cha mlangoni na daftari hili pajani. Mama anaongea na shoga yake, habari za magoti. La kushoto wamelimaliza, sasa wako kwenye la kulia. Mara mbili nimejipitisha mbele yake, mara mbili kanipa tabasamu na kuendelea. Mkwe hamwambii mama mkwe akate simu. Ya kurasa tatu imo ndani, haina njia ya kutoka mpaka goti lipone.

Mume wangu kaja kusimama karibu nami. Kaniuliza ile fupi iliyokwenda ilikuwa na nini.

Nimemwambia salamu.