Betri za Upande B

Jumatatu, 3 Novemba 1997
Mazoezi tena hapa Idsowe. Mvua haikomi. Upande A wa kaseti tulishaurekodi Malindi: nyimbo za harusi, safi, hazina chumvi. Muuza kaseti wa Garsen anataka na upande B ndipo atoe nakala. Kaka yangu Komora anautaka wimbo wa ajabu, wa ndotoni. Ametundika makopo kwenye kamba, kama tufanyavyo shambani kuamia ndege wa mpunga. Mimi gitaa. Dada yetu mdogo Hawa anaimba ndani ya tangi bovu la pampu. Sauti inazunguka humo, haijui itokee wapi. Nilisisimka mwili mzima.

Alhamisi, 6 Novemba
Tumerekodi, kwa redio ya kaseti, ya betri. Hawa ana homa tangu jana. Alisema, "Kaka Jilo, mara moja tu. Kichwa chaniuma." Akamaliza. Hata Komora, mgumu wa kusifu, alipiga makofi.

Ijumaa, 7 Novemba
Mjinga mimi. Betri zilikuwa zimechoka. Hakuna jua la kuzianika zipate nguvu, kwa hiyo jana niliziuma kwa meno, nikadhani zitatosha. Leo nimetia mpya, nikasikiliza. Redio ilirekodi polepole, sasa wimbo unakwenda mbio. Hawa anasikika kama mtoto wa miaka sita. Komora alicheka: ndiyo ndoto yenyewe, uende hivyo. Nikamtukana.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimemrudisha Hawa tangini, na kaseti nyingine. Naandika nisije nikajidanganya baadaye: ni mimi. Komora alikataa kuja. Hawa alijifunga leso mbili na bado alitetemeka. Ubeti wa kwanza haukuisha. Akakaa chini, kwenye maji ya mvua.

Nilimbeba hadi nyumbani.

Jumatatu, 10 Novemba
Mto umevunja kingo. Barabara imekatika pande zote. Zahanati haina dawa. Komora hanisemeshi. Mama ananisemesha kwa upole, afadhali angenipiga. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amekuja mapema.

Jumatano, 12 Novemba
Hawa amefariki alfajiri. Tumemzika penye mwinuko. Kwingine kote maji.

Najichukia.

Jumapili, 14 Desemba
Jua limetoka. Muuza kaseti ametuma mtu kwa mtumbwi kuulizia upande B. Nimemrudisha mikono mitupu.

Redio inacheza wimbo ule tangu asubuhi. Mama alitaka kuzianika betri, nikamzuia. Kadiri zinavyochoka, mwendo unapungua. Adhuhuri yule mtoto akawa msichana. Kisha akawa Hawa. Hawa kabisa, na makopo nyuma yake. Komora akatoka ndani, akakaa karibu nami. Ubeti mmoja tu. Halafu sauti ikawa nzito, ikazama, ikanyamaza.

Komora akazitoa betri, akazifunga kwenye leso ya Hawa. Akasema nisizianike. Zikipumzika usiku kucha, huenda kesho zikatupa ubeti mwingine.